Farrokh Bulsara, Mtoto wa Mji Mkongwe: Maisha ya Freddie Mercury na Albamu ya 1980

Utangulizi

Hapa Rongai, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, timu ya shule inapotwaa kombe na kurejea nyumbani ikiwa imejazana garini, kuna wimbo mmoja wa Kiingereza unaojitangaza ubingwa ambao aghalabu husikika madirishani. Waimbaji huwa wanakijua kiitikio chake tu, nao hukiimba kwa kelele kuliko kwa sauti. Ni wachache mno miongoni mwao wanaotambua kuwa mtunzi wa wimbo huo hakuzaliwa Uingereza wala Marekani. Alizaliwa Unguja, katika Mji Mkongwe, mji uleule ambao lahaja yake, Kiunguja, iliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu tunachokisoma na kukifundisha.

Makala haya yanakusudia kusimulia maisha ya mtunzi huyo, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Freddie Mercury. Tutatua kwa kirefu katika mwaka mmoja wa maisha yake, yaani 1980, bendi yake ya Queen ilipotoa albamu iitwayo The Game, au Mchezo kwa lugha yetu. Kabla ya hapo bendi hiyo ilikuwa imejenga sifa katika muziki wa roki, muziki wa magitaa yenye sauti nzito. Katika albamu hiyo iliuelekea muziki wa pop, yaani muziki mwepesi upendwao na umma, na ikauza kuliko ilivyowahi kuuza awali nchini Marekani.

Huenda msomaji akauliza jambo hili linawahusu vipi wanafunzi wa Kiswahili. Jibu ni kwamba linatuhusu sana. Sote tuliosoma ushairi tunaufahamu mgogoro wa wanamapokeo na wanamabadiliko. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, na vina na mizani vikapata mlinzi wa kuheshimika. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa diwani ya Kichomi iliyozivunja sheria hizo waziwazi, na malumbano yakawaka. Swali lililoulizwa wakati ule ndilo lililoikabili Queen mwaka 1980: msanii anapoiacha kanuni aliyoishikilia, na umma ukazidi kumpenda, je, amesaliti sanaa yake au amekua?

Kuzaliwa na malezi

Farrokh Bulsara alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946. Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa karani wa fedha katika mahakama ya serikali ya kikoloni ya Waingereza huko Unguja. Mama yake aliitwa Jer. Walikuwa Waparsi, watu wa dini ya Zoroasta ambao wahenga wao waliihama Uajemi karne nyingi zilizopita wakaweka makao magharibi ya India. Jina la ukoo la Bulsara linatokana na mji wa Bulsar, ulioko Gujarat. Farrokh ni jina la Kiajemi lenye maana ya mwenye heri.

Yafaa tukumbuke kwamba Uajemi si mgeni katika mwambao wetu. Masimulizi ya Washirazi yanatokana na huko, na sherehe ya Mwaka Kogwa inayofanyika Makunduchi kila mwaka inahusishwa na Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi wa kale. Kwa hivyo, mtoto wa Kiparsi aliyezaliwa Unguja hakuwa kioja. Alikuwa uzi mmoja katika kitambaa kilichofumwa kwa pepo za kusi na kaskazi, pamoja na Waswahili, Waarabu, Wahindi, Wangazija na Wagoa.

Alipokuwa na umri wa miaka 8 hivi, wazazi wake walimpeleka India, katika shule ya bweni ya St Peter's iliyoko Panchgani, mji wa milimani usio mbali sana na Bombay. Ilikuwa shule ya mtindo wa Kiingereza, mfano wa zile ambazo walowezi walizijenga katika nyanda zetu za juu. Njia aliyoifuata ilikuwa imekwisha kupitiwa na sauti kubwa zaidi ya Unguja: mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hiyohiyo hadi Bombay kurekodi nyimbo zake za taarab kwenye santuri. Siti alikwenda na kurudi na jina lake. Farrokh alirudi na jina jingine.

Shuleni wenzake walianza kumwita Freddie, na hata jamaa zake wakaja kulizoea jina hilo. Alifunzwa piano, na mwaka 1958 yeye na wavulana wengine 4 wakaunda bendi iliyoitwa The Hectics, iliyoiga nyimbo za roki zilizotoka Uingereza na Marekani. Freddie hakuwa kiongozi wa bendi hiyo wala mwimbaji wake mkuu. Alikuwa mpiga piano. Hata hivyo, kipawa chake cha kusikia wimbo mara moja na kuupiga kilikuwa kimeanza kudhihirika.

Mapinduzi na uhamisho

Mwaka 1963 Freddie alirejea Unguja. Mnamo tarehe 10 Desemba mwaka huo Zanzibar ilipata uhuru wake, lakini serikali iliyoshika hatamu haikudumu hata miezi miwili. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yalizuka. Watu wengi waliuawa, hasa Waarabu, na maelfu ya Waarabu na Waasia wakakimbia. Familia ya Bulsara ilikuwa miongoni mwa waliohama. Walikwenda Uingereza na kuishi Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, magharibi ya London. Freddie alikuwa na umri wa miaka 17.

Maisha ya huko hayakuwa ya anasa. Kijana huyo alifanya kazi za mikono, zikiwemo za kupakua mizigo Heathrow, ili apate fedha za kujikimu. Mwaka 1966 alijiunga na chuo cha sanaa cha Ealing kusomea uchoraji na usanifu wa michoro, akahitimu mwaka 1969. Baada ya hapo alikuwa akiuza nguo katika soko la Kensington pamoja na Roger Taylor, mpiga ngoma wa bendi ndogo iliyoitwa Smile. Mpiga gitaa wa bendi hiyo alikuwa Brian May, mwanafunzi wa fizikia. Freddie aliifuatilia bendi hiyo kwa karibu, na mwimbaji wake alipojitoa mwaka 1970, nafasi hiyo akaichukua yeye.

Tangu siku za mwanzo alileta mambo mawili. Kwanza, aliibatiza bendi jina jipya la Queen, yaani Malkia, na akaichorea nembo kwa mkono wake mwenyewe akitumia alama za nyota za wanabendi wote. Pili, alijibatiza yeye mwenyewe. Bulsara likatoweka, na mahali pake likaja Mercury, jina la sayari iliyo karibu zaidi na jua na la mjumbe wa miungu katika visasili vya Kirumi. John Deacon, mpiga gitaa la besi, alijiunga nao mwaka 1971, na bendi ikatimia watu 4. Hawakubadilika hadi kifo kilipowatenganisha.

Hapo ndipo methali yetu isemayo mwacha mila ni mtumwa inapoanza kumwandama. Kijana huyu alikuwa ameacha kisiwa, jina la kwanza na jina la ukoo, yote kabla ya kutimiza miaka 25. Baadaye, alipokuwa mashuhuri, aligusia Unguja kwa nadra sana, na wengi wa wapenzi wake walikuja kuijua asili yake akiwa amekwisha kufa. Tutairejelea methali hiyo mwishoni, kwani haitoshi kuitaja tu bila kuipima.

Nadhiri ya Queen

Albamu ya kwanza ya Queen ilitoka mwaka 1973. Iliyoipa bendi ufanisi mkubwa ni A Night at the Opera ya mwaka 1975, ambamo mlikuwa na wimbo wa Mercury uitwao Bohemian Rhapsody. Wimbo huo uliendelea kwa takriban dakika 6, muda ambao wakati huo ulihesabiwa kuwa mrefu kupita kiasi kwa redio. Haukuwa na kiitikio cha kawaida. Ulianza kama maombolezo ya taratibu, ukaingia katika opera, ukalipuka kwa magitaa na kutulia tena. Ndani yake mna neno moja la Kiarabu ambalo kila mtoto wa mwambao hufunzwa kulitamka kabla ya kula. Wimbo ulishika nafasi ya kwanza nchini Uingereza kwa majuma 9.

Katika miaka hiyo Queen ilikuwa na jambo moja la kujivunia. Wakati huo vilikuwa vimeenea vinanda vya kielektroniki viitwavyo sinthesaiza, vyenye uwezo wa kuunda sauti zisizotoka kwenye waya wala ngozi. Queen iliandika kwenye majalada ya albamu zake kwamba haikutumia kifaa hicho. Kila sauti ya ajabu aliyoisikia msikilizaji ilikuwa imetoka katika koo za wanabendi au katika gitaa la May, gitaa alilolichonga mwenyewe pamoja na baba yake, kisha ikarekodiwa tabaka juu ya tabaka. Tangazo hilo lilikuwa kama nadhiri. Liliwaambia wapenzi wa roki kwamba hawa ni mafundi wa kweli. Mshairi wa mapokeo anayehesabu mizani kwa vidole hapati shida kuielewa fahari ya namna hiyo.

Mchezo wa 1980

Katikati ya mwaka 1979 wanabendi walikwenda Munich, Ujerumani, katika studio ya Musicland, wakafanya kazi na fundi wa kurekodi aliyeitwa Reinhold Mack. Hawakuwa na mpango wa albamu kamili. Walitaka kujaribu, na majaribio hayo ndiyo yaliyowageuza.

Wimbo wa kwanza kuonyesha mageuzi ulizaliwa bafuni. Mercury alikuwa akioga hotelini alipopata lahani ya wimbo Crazy Little Thing Called Love. Akaukamilisha kwa gitaa kwa dakika chache, ingawa gitaa hakulijua vyema, na huenda kutolijua huko ndiko kulikousaidia. Mtu anayejua mikao michache ya vidole hawezi kutunga opera, hulazimika kutunga wimbo mfupi. Ulikuwa na urefu wa chini ya dakika 3, nao uliufuata mtindo wa Elvis Presley, aliyekuwa amefariki mwaka 1977. Yule aliyehitaji dakika 6 mwaka 1975 alikuwa sasa amejifunza kukata. Wimbo ulitolewa mwezi Oktoba 1979, ukafika nafasi ya pili Uingereza, na mwanzoni mwa mwaka 1980 ukashika nafasi ya kwanza Marekani kwa majuma 4. Queen haikuwa imewahi kuufikia upeo huo katika nchi hiyo.

Walirejea Munich mapema mwaka 1980 kuikamilisha kazi, na albamu ya The Game ikatoka tarehe 30 Juni. Ilikuwa na nyimbo 10, nazo kwa jumla hazikuzidi sana dakika 35. Mercury alitunga 3, May 3, Deacon 2 na Taylor 2, mgawanyo unaoonyesha kuwa mageuzi hayakuwa ya mtu mmoja. Wimbo unaoifungua albamu, Play the Game, ni wa Mercury, na sauti ya kwanza inayosikika humo ni ya sinthesaiza. Bendi haikuificha. Jalada lenyewe lilitangaza kuwa kifaa hicho kilikuwa kimetumika kwa mara ya kwanza katika albamu ya Queen. Nadhiri ilivunjwa mlangoni kabisa, mbele ya macho ya kila mtu.

Wimbo uliouza kuliko yote haukuwa wa Mercury. Deacon, mtu mkimya ambaye aliimba kwa nadra sana, alikuwa amevutiwa na muziki wa Wamarekani weusi, hasa mapigo ya besi ya bendi ya Chic. Alitunga Another One Bites the Dust juu ya mapigo ya aina hiyo. Ngoma za Taylor zilifunikwa kwa mablanketi ili mlio wake uwe mkavu, na Taylor mwenyewe hakuupenda sana mwelekeo huo. Mercury aliupenda. May amesimulia kwamba Mercury aliuimba kwa nguvu hadi koo likatoa damu. Hata hivyo, bendi haikuwa na nia ya kuutoa peke yake hadi Michael Jackson, ambaye alikuwa akihudhuria maonyesho yao Los Angeles, alipowashauri wafanye hivyo. Wimbo uliingia katika redio za Wamarekani weusi, ambako baadhi ya wasikilizaji walidhani bendi yenyewe ni ya watu weusi, na mwezi Oktoba 1980 ukashika nafasi ya kwanza Marekani kwa majuma 3.

Albamu nayo ilishika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani. Kati ya albamu zote za studio za Queen, hiyo ndiyo pekee iliyofika kileleni Marekani wakati wa uhai wa Mercury, na nchini humo ilithibitishwa kufikia daraja la nakala milioni 4.

Wapenzi wa zamani hawakufurahi wote. Katika mwaka huohuo Mercury alikata nywele na kufuga masharubu, akaonekana hivyo katika filamu fupi ya Play the Game. Baadhi ya mashabiki walimtumia nyembe kwa posta. Ni rahisi kuwacheka, lakini ujumbe wao ulikuwa mzito: walikuwa wakimdai mtu wao wa zamani. Wembe ule haukulenga masharubu peke yake.

Muziki hauna mpaka, lakini una ushuru

Tukirudi kidogo katika eneo letu, tutaona kuwa muziki kuvuka mipaka si jambo la ajabu. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis huko Kapkatet, katika upande wa magharibi wa Bonde la Ufa. Miongoni mwake mlikuwa na nyimbo kuhusu Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huku. Wasichana wa Kipsigis walimgeuza kiumbe nusu mtu nusu paa, wakamwimbia kwa kinubi chao. Nao wimbo Helule Helule wa Daudi Kabaka, mwanamuziki wa Kenya, ulivuka kuelekea upande wa pili na kurekodiwa na bendi ya Kiingereza ya The Tremeloes mwaka 1968. Hata taarab ya Siti binti Saad imekwisha kuingiliwa na vinanda vya umeme, na wapo wazee wanaougua kila wavisikiapo.

Hata hivyo, mwenye kuvuka mpaka hulipa ushuru, na Mercury aliulipa. Mwaka 1981 Queen ilizuru Amerika ya Kusini, na katika uwanja wa Morumbi, São Paulo, ilipiga muziki mbele ya watu zaidi ya laki moja kwa usiku mmoja. Mwaka uliofuata ikatoa albamu ya Hot Space, iliyoifuata njia ya The Game hadi mwisho wake: besi ikatawala, gitaa la May likasukumwa pembeni. Wengi wa wapenzi wa roki waliikataa. Ziara ya Marekani ya mwaka huo ikawa ya mwisho ambayo Mercury aliifanya katika nchi hiyo. Tofauti ya albamu hizi mbili inafunza. Katika The Game kifaa kipya kilitumikia nyimbo. Katika Hot Space, kwa maoni yangu, nyimbo nyingi zilikitumikia kifaa. Vivyo hivyo, shairi huru haliwi zuri kwa kuwa halina vina, bali kwa kuwa lina jambo ambalo vina vingelibana.

Ipo gharama nyingine ambayo msomaji wa Kiafrika hapaswi kuipitia juujuu. Mwezi Oktoba 1984 Queen ilikwenda kupiga muziki Sun City, katika eneo la Bophuthatswana lililoundwa na utawala wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Wakati huo Umoja wa Mataifa ulikuwa ukiwahimiza wasanii waisusie nchi hiyo. Bendi ilijitetea kuwa ilikwenda kwa ajili ya muziki na si siasa, lakini chama cha wanamuziki cha Uingereza kikaitoza faini. Mtu aliyezaliwa Afrika, ambaye familia yake ilikuwa imehama kwa sababu ya siasa, angetarajiwa kujua kuwa siasa haikai nje ya ukumbi wa muziki. Mapenzi yetu kwa msanii yasitufanye tulifunike kosa hilo.

Tarehe 13 Julai 1985 lilifanyika tamasha la Live Aid katika viwanja vya Wembley, London, na Philadelphia, Marekani, ili kuchangisha fedha za wahanga wa njaa ya Ethiopia. Queen ilipewa muda wa dakika 20 hivi. Mercury alipanda jukwaani akiwa amevaa fulana nyeupe, akauongoza umati wa watu zaidi ya elfu 70 kwa ishara za mkono na kwa miito ya sauti isiyo na maneno. Umati ukaitikia kila mwito. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi hilo halihitaji maelezo: ni fanani na hadhira, mwito na itikio, jinsi inavyokuwa katika ngoma zetu. Katika seti hiyo fupi mlikuwamo pia Crazy Little Thing Called Love, wimbo wa bafuni.

Ugonjwa na mauti

Katika ujana wake Mercury aliishi na Mary Austin, mwanamke aliyebaki rafiki yake wa dhati hadi kufa na ambaye alimrithisha nyumba yake ya Garden Lodge. Baadaye aliishi na wanaume, na katika miaka yake ya mwisho mwenzi wake alikuwa Jim Hutton. Mwaka 1987 alipimwa akapatikana na virusi vya UKIMWI. Enzi hizo dawa za kudhibiti virusi hivyo kwa ukamilifu zilikuwa hazijapatikana, na jina la ugonjwa lilitajwa kwa kunong'ona, Ulaya kama huku kwetu.

Alificha. Wanabendi wenzake walipoambiwa waliificha siri hiyo pamoja naye, huku magazeti yakimwandama na kuchapisha picha za mwili uliokuwa ukikonda. Hakuacha kazi. Mwaka 1988 ilitoka albamu ya Barcelona, aliyoirekodi na mwimbaji wa opera Montserrat Caballé wa Uhispania, na Queen ikatoa albamu mbili nyingine, mwaka 1989 na mwaka 1991. Alirekodi hata alipokuwa hawezi kusimama kwa muda mrefu. Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa taarifa kwa ulimwengu kuwa ana UKIMWI. Siku iliyofuata akafariki, akiwa na umri wa miaka 45. Mazishi yake yaliongozwa na makuhani wa dini ya Zoroasta. Aliyekuwa ameondoka Unguja kama Farrokh aliagwa kwa sala za wazazi wake.

Sisi wa Kenya tunaijua gharama ya ukimya wa namna hiyo. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini alitambuliwa mwaka 1984, lakini ni mwaka 1999 tu ambapo serikali iliutangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa. Katika miaka hiyo 15 ni nyumba ngapi zilizika vijana wao kwa kusingizia malaria na kifua? Wenzake Mercury waliona ukimya si heshima. Tarehe 20 Aprili 1992 walifanya tamasha la kumkumbuka huko Wembley, na kutokana na mapato yake wakaanzisha mfuko wa Mercury Phoenix Trust, ambao umefadhili kazi za kupambana na UKIMWI katika nchi nyingi, zikiwemo za Afrika.

Ni wa nani?

Kisiwa alichozaliwa hakikuwa na kauli moja juu yake. Mwaka 2006, alipokuwa angetimiza miaka 60, mipango ya kusherehekea siku yake ya kuzaliwa katika ufuo wa Mji Mkongwe ilifutwa baada ya jumuiya ya Uamsho kuipinga, ikisema mwenendo wake haukupatana na maadili ya Kiislamu. Mwaka 2019, tarehe 24 Novemba, siku ya ukumbusho wa kifo chake, jumba la makumbusho kwa jina lake lilifunguliwa katika mtaa wa Shangani. Liko kwenye barabara inayoitwa Kenyatta, jambo ambalo msafiri kutoka huku kwetu hulisoma kwa mshangao mdogo.

Sasa tuipime methali yetu. Je, Mercury alikuwa mtumwa kwa kuwa aliacha mila? Katika sanaa, sivyo. The Game inathibitisha kuwa nadhiri ya kutotumia kifaa fulani ni chombo cha safari, na nahodha aweza kukiacha bandarini kikiwa kimekwisha kumfikisha. Sauti iliyoimba opera mwaka 1975 ndiyo iliyoimba nyimbo fupi za mwaka 1980. Kilichobadilika ni vazi. Kwa upande huo nasimama na wanamabadiliko, ingawa Hot Space inanizuia nisishangilie kila badiliko.

Lakini katika suala la asili, methali ina haki yake. Mercury hakuwa na deni la kuimba taarab. Hata hivyo, ukimya wake kuhusu Unguja uliwanyima wengi kitu. Wapo watoto wa Kiasia na wa Kiafrika waliokulia Uingereza katika miaka ya 1970 na 1980, wakitukanwa mitaani, ambao wangesimama wima zaidi kama wangejua kuwa yule aliyeshangiliwa na maelfu alikuwa mhamiaji kama wao, mtoto wa karani kutoka Mji Mkongwe. Huenda ulimwengu wa wakati ule usingempa nafasi kwa jina la Farrokh Bulsara, na hapo lawama si yake peke yake. Wanaomdai mtu asili yake wajiulize pia walimwachia mlango gani wa kuingia nayo.

Hitimisho

Makala haya yamesimulia maisha ya mtu aliyevuka bahari mara kadhaa na kubadili jina mara mbili, na ya albamu iliyovunja nadhiri ikapata umma mpya. Mafunzo mawili yanatokeza. Kwanza, umbo la sanaa si amana isiyoguswa, bali ni lazima anayelivunja awe amelimudu kwanza, kama walivyokuwa wamelimudu Mercury na wenzake. Pili, jina na asili ni jambo tofauti na umbo, na kuvificha kuna hasara ambayo mauzo ya milioni 4 hayaifidii.

Nawahimiza wanachama wenzangu watakaokwenda kufundisha katika shule za Rongai, Njoro, Molo na kwingineko wasiwakataze wanafunzi nyimbo za kigeni, na wala wasiwaachie wakaziimba bila kujua zimetoka wapi. Siku timu itakaporudi na kombe, mwalimu wa Kiswahili aliyemo garini awaache waimbe hadi mwisho. Kisha awaambie kuwa mtunzi alizaliwa Unguja, na kwamba jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Farrokh.